Malkia, Kengele na Madereva wa Isaka

Madereva ndio walioanza kulalamika. Mwaka 2017, msimu wa saba wa Game of Thrones ulipofika Isaka ndani ya flashi, mabenchi ya mbele katika banda la video la mjomba wangu yalijaa madereva waliokuwa wakisubiri kupakia mizigo ya Kigali na Bujumbura. Katika sehemu ya sita ya msimu ule, Jon Snow na wenzake wamezingirwa na jeshi la wafu juu ya ziwa la barafu, kaskazini ya Ukuta. Kijana mmoja anatimua mbio kurudi ngomeni. Kunguru anarushwa na ujumbe kwenda kusini. Malkia Daenerys anaupokea akiwa kisiwani kwake, anapanda joka, anafika na kuwaokoa. Mzee mmoja wa Singida, aliyeanza kuendesha malori ya masafa marefu enzi zile chakula cha wakimbizi wa Rwanda kilipopitia Isaka kwenda Ngara, akainua mkono kama mtu aliye mkutanoni.

"Subiri kwanza," akasema. "Huyo ndege kapita njia gani?"

Mjomba akasimamisha picha, na ubishi ukawaka. Wapo waliosema ni hadithi tu, penye majoka huwezi kudai kilomita. Mzee hakukubali. Alisema joka analikubali, wafu wanaotembea anawakubali, lakini umbali wa nchi ile walishamfundisha wao wenyewe. Katika sehemu ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 2011, Mfalme Robert alifika Winterfell baada ya mwezi mzima njiani, na mkewe alisema hivyo kwa kinywa chake. Arya Stark alitangatanga misimu na misimu akijaribu kuwafikia ndugu zake. Leo kunguru na joka wanamaliza nchi yote kabla watu walio barafuni hawajafa kwa baridi. Baadaye nilisoma kwamba Alan Taylor, mwongozaji wa sehemu ile, alikiri mbele ya waandishi wa habari kuwa hesabu ya muda ilikuwa na ukungu kidogo. Walitegemea mtazamaji atabebwa na kasi ya matukio. Mzee wa Singida hakubebwa.

Isaka ni mji unaokula kwa sababu ya umbali. Reli ya Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ndiyo iliyotupitia, na bandari kavu ndiyo iliyotupa jina. Kontena linatoka Dar es Salaam kwa treni karibu kilomita 1,000, linashushwa hapa, linapandishwa kwenye lori, kisha linaanza safari nyingine: Kahama, Ushirombo, Nyakanazi, hadi Rusumo mpakani na Rwanda. Njiani kuna mizani, kuna vibali, kuna foleni ya mpakani, kuna tairi linalopasuka porini usiku. Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa mizigo hapo, kazi yangu ikiwa ni kuandika nini kimetoka wapi, kinakwenda wapi, na kilifika lini. Mama ntilie, fundi tairi, mwenye gesti, karani, sote tulilishwa na ukweli mmoja kwamba hakuna kinachofika bila kupita mahali. Ndiyo maana swali la yule mzee lilinikaa kichwani. Miaka miwili baadaye, dunia nzima ilipokasirika juu ya msimu wa mwisho, niliona kwamba hasira yote ile ilikuwa swali lake.

Niseme kwanza kuhusu banda, maana hadithi hii haikutufikia kama ilivyowafikia watu wenye sebule na ving'amuzi. Banda la mjomba lilikuwa la matofali ya udongo, limeezekwa bati, mabenchi ya mbao, na ukutani ubao wa kuandikia picha za siku kwa chaki. Lilianza na deki ya kaseti na runinga ya chogo, likaenda kwenye DVD zilizosheheni misimu mizima ndani ya sahani moja, likaishia kwenye kompyuta na projekta. Kilichodumu muda wote ni sauti ya msimulizi. Watu wa rika langu tulikulia katika sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyechukua filamu za Hong Kong, za India na za Hollywood akazisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya wahusika wenyewe. Hata Titanic tuliipanda tukiwa naye. Uganda kazi hiyo wanaifanya wanaoitwa VJ, na VJ Jingo anajulikana hadi mipakani. Kenya yupo DJ Afro. Japani, zama za filamu zisizo na sauti, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi fulani kuliko kwa ajili ya filamu. Sisi tulikuwa na msimulizi wetu pale pale, kijana aliyeijua kazi kwa kurudiarudia kaseti za Lufufu, akikaa na maiki pembeni ya spika, chupa ya maji miguuni.

Msimulizi huyu hakutafsiri neno kwa neno. Alitambulisha wahusika, alikumbusha ya jana kwa waliochelewa, aliwaeleza waliokaa nyuma kile wasichokiona. Nilipokuwa mtoto nilidhani kazi yake ni kutuambia wanasema nini. Nilipokua nikaona kwamba mara nyingi alikuwa anatuambia kwa nini.

Bandani kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtoto wa Kitanzania wa zama zile aliijua: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini mwisho atasimama. Kwa hiyo unaweza kuwaza palikuwaje siku Eddard Stark alipokatwa kichwa. Tulikuwa tumemshika yeye kama steringi tangu mwanzo. Ana haki, ana watoto, ana upanga. Sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, shingo yake ikaenda. Wapo waliosimama wakitaka kutoka, wakitukana. Kisha wakakaa, kwa sababu msimulizi alianza kuhesabu taratibu: alimwambia Cersei, mke wa mfalme, kwamba ameijua siri yake kabla ya kumwambia mfalme mwenyewe, akidhani anawaokoa watoto, alimwamini Littlefinger aliyemwonya mwenyewe asimwamini, alikiri kosa ambalo hakulitenda ili binti yake apone. Kila hatua tulikuwa tumeiona. Tuliumia, na hakuna aliyesema ameibiwa.

Harusi ile ya damu ya msimu wa tatu iliniumiza zaidi, na bado nayaona yale kuwa masimulizi bora niliyowahi kuyatazama kwenye skrini. Robb Stark aliahidi kuoa binti wa Walder Frey ili jeshi lake lipewe daraja la kuvuka mto. Alivuka. Kisha akaoa mwingine. Nje ya banda alikaa mama mmoja aliyekaanga mihogo na samaki, ambaye hakuwa na kawaida ya kuingia ndani, lakini alisikiliza kila kitu kupitia mlangoni. Usiku ule wanaume walitoka kimya. Yeye ndiye aliyesema: "Alichumbia, wakampa njia, akaoa kwingine. Mlitaka akina nani wanyamaze?" Halafu baada ya kugeuza mihogo: "Lakini mgeni aliyekula kwako humuui. Huyo mzee naye atalipa." Hakuwa ameona hata picha moja. Kwa sauti ya msimulizi tu alikuwa ameshika deni la kila upande, na katika nchi hii ya Usukuma, ambako posa inasimama juu ya ng'ombe na neno la wazee wa pande mbili, hakuhitaji kuelezwa uzito wake. Hadithi ya nchi za theluji, iliyoandikwa na Mmarekani George R. R. Martin, ilikuwa imefika Isaka kwa njia halali.

Msimu wa nane ulianza Marekani tarehe 14 Aprili 2019, ukawa na sehemu sita, ukaisha tarehe 19 Mei. Kwetu kila sehemu ilitua Jumatatu. Mimi niliitazama kwanza peke yangu kwenye simu, kwa Kiingereza, kisha nikaenda bandani siku msimulizi alipokuwa tayari.

Vita vikubwa na wafu, sehemu ya tatu, vilirekodiwa kwa usiku 55 huko Ireland ya Kaskazini. Bandani hatukuviona. Picha ilikuwa giza tupu. Hata watu wenye runinga za gharama huko Ulaya na Marekani walilalamika, na mpiga picha wake, Fabian Wagner, akajibu kwamba tatizo ni jinsi watu walivyoseti runinga zao. Projekta ya mjomba haikuwa na seti ya kuokoa jambo lile. Ukutani palikuwa na weusi unaotikisika, na mara moja moja cheche. Msimulizi, ambaye naye hakuona zaidi yetu, alisimulia vita kwa kusikiliza makelele. Nilimheshimu sana usiku ule.

Giza lilisameheka. Lililofuata ndilo lililovunja mabenchi. Katika sehemu ya nne, meli za adui yake Euron zinamvamia Daenerys baharini bila yeye kuziona, ingawa yuko angani juu ya joka na bahari iko wazi chini yake. Joka lake moja linauawa. David Benioff, mmoja wa waandishi wawili wakuu pamoja na D. B. Weiss, akaeleza katika mazungumzo ya baada ya kipindi kwamba Daenerys alikuwa amezisahau zile meli. Niliposikia hivyo nilikasirika kwelikweli. Malkia aliyevuka bahari na majeshi yake, aliyeketi mezani na washauri wakipanga vita kwa ramani ya mezani, anasahau adui mwenye meli? Mwandishi alihitaji joka life, akatafuta njia fupi kuliko zote.

Wiki ile ile, Jumanne ya tarehe 7 Mei, banda lile lile lilionyesha Liverpool ikiitoa Barcelona kwa mabao manne kwa bila baada ya kufungwa matatu kule Hispania. Nataka kulisimamia hili kidogo. Ukimwambia mtu matokeo peke yake, ni jambo lisiloaminika kuliko joka. Lakini dakika zote 90 tulizitazama: Origi wa mapema, Wijnaldum aliyeingia kipindi cha pili akafunga mawili ya haraka, kona ile ya Alexander-Arnold wakati mabeki wa Barcelona wamegeuza migongo. Mashabiki wa Barcelona waliokuwamo bandani waliumia hadi wengine kulala bila kula, na hakuna aliyesema mechi imeandikwa vibaya. Jumatatu iliyofuata, watu wale wale, kwenye simu zao kabla msimulizi hajawa tayari, waliona Daenerys akichoma mji wa King's Landing baada ya kengele za kusalimu amri kulia, na wakasema wamedanganywa.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wengi waliokasirika. Wapo wanaosema Khaleesi, kama tulivyozoea kumwita, hakupaswa kabisa kuwa mwovu, kwamba mkombozi wa watumwa hawezi kuchoma watoto. Mimi naona anaweza. Mbegu zilikuwapo. Tulimwona akitazama kaka yake akimiminiwa dhahabu ya moto kichwani bila kupepesa macho. Tulimwona Meereen akiwatundika mabwana 163 misalabani. Tulimwona akiwachoma baba na mwana wa Tarly kwa kuwa hawakupiga goti. Na baba yake, yule mfalme mwendawazimu, alitaka kuuchoma mji huo huo.

Tena hadithi ya namna hiyo si ngeni kwetu. Bibi yangu mzaa mama alitusimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote wa nchi, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza watu wako wapi, akaambiwa, akalisaka zimwi na kuliua. Alipolipasua tumbo ili watu watoke, kisu chake kikamkata sikio bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote wakatoka wakiimba. Bikizee akatoka na hasira, akamwekea kisasi aliyemwokoa. Bibi alikuwa akikaa sana pale. Alieleza kisu kilikuwaje kikali, tumbo lilikuwaje nene, giza lilikuwaje ndani, kijana alikuwaje na haraka kwa furaha ya kumaliza kazi. Kisha akaeleza jinsi Masala Kulangwa alivyolazimika kwenda kutafuta dawa ya sikio lile. Tulipokuwa wadogo tuliuona ugomvi wa sikio ni mdogo mbele ya ushindi wa kuua zimwi, lakini bibi aliutumia muda mwingi kuliko vita yenyewe. Kwamba anayekukomboa anaweza kukujeruhi kwa kisu kile kile, Wasukuma waliliweka katika hadithi ya watoto. Hatukuhitaji Benioff na Weiss watulinde na ukweli huo. Tulihitaji watuonyeshe kisu kikikaribia sikio.

Muda wa kutuonyesha ulikuwapo. Viongozi wa kituo cha HBO walikwishasema hadharani kwamba wangefurahi hadithi iendelee misimu zaidi. Martin mwenyewe aliona ingehitaji hata kumi au zaidi. Waandishi wakachagua kufunga, msimu wa saba kwa sehemu saba na wa nane kwa sita, wakati misimu yote ya kabla ilikuwa na kumi kumi. Tangu Februari 2018 ilikuwa imetangazwa kwamba kazi yao ijayo ni filamu za Star Wars, kazi waliyokuja kuiacha Oktoba 2019 bila kutoa hata filamu moja. Wapo wanaowatetea kwa kuwa kitabu cha sita cha mfululizo wa Martin hakijatoka tangu cha tano cha Julai 2011, kwa hiyo walibaki bila ramani. Utetezi huu una haki yake, na nisingemtakia mwandishi yeyote mzigo ule. Lakini asiye na ramani huenda polepole. Wao ndipo walipoongeza mwendo.

Zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia saini ombi la kutaka msimu ule uandikwe upya. Walidhihakiwa sana, wakaitwa watoto walionyimwa peremende, na mwezi Septemba mfululizo huo ukazoa tuzo 12 za Emmy, ikiwamo ya tamthilia bora. Mimi siamini hadithi iandikwe upya kwa kura. Hata hivyo dhihaka ile iliniudhi. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji walimwandikia kwa hasira, na mwaka 1903 akamrudisha. Na hapa kwetu haki hiyo ni ya zamani zaidi: baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, makundi hasimu ya ngoma ya Wasukuma, wanapocheza ngoma zao kila kundi upande wake, hakuna jaji mwenye karatasi. Umati wenyewe unahama. Ukionyesha kitu, nyoka akiwa mkononi au wimbo mpya mdomoni, watu wanakuja kwako. Ukichosha, unaona migongo. Mganga akishakupa dawa na manju akishatunga nyimbo, bado aliyesimama pembeni mwa uwanja ndiye anayesema nani ameshinda. Watu wale milioni moja na nusu walikuwa wanageuza migongo, na mtu hahami uwanja wa ngoma asiyoijali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijalisoma popote na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Niliitazama sehemu ya tano kwenye simu nikiwa na hasira. Kengele zinalia, uso wa Emilia Clarke unaonekana juu ya joka, unabadilika, kisha moto. Anajitahidi sana mwigizaji yule. Alipewa nafasi ya pumzi chache kubeba kitu kilichohitaji msimu mzima. Siku chache baadaye nilikwenda bandani. Ramadhani ilikuwa imeanza, kwa hiyo mjomba alifungua baada ya tarawehe, na madereva wa Kisomali na wa Pwani walikuja na tende zao. Kengele zilipolia, msimulizi akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: aliomba picha isimamishwe. Uso wa Daenerys ukabaki ukutani, na yeye akaanza kusema, si kwa sauti yake ya mbwembwe, bali kama mtu anayetoa wasifu wa marehemu. Akaanza na mtoto aliyekimbizwa usiku wa dhoruba asijue mama. Akaja kwa kaka aliyemuuza. Akamtaja mume, mtoto aliyezaliwa mfu, joka la kwanza lililozama barafuni kwa sababu ya safari ile ya kunguru. Akamtaja mlinzi wake Jorah aliyekufa mikononi mwake, joka la pili, rafiki yake Missandei aliyekatwa kichwa ukutani mbele ya macho yake, mshauri wake Varys aliyemgeuka, na Jon anayempenda lakini hawezi tena kumgusa kwa kuwa ni damu moja. Akasema: watu wa mji huu hawajawahi kumshangilia hata siku moja, na kengele hizi zinamwambia kwamba vita imekwisha na bado hana mtu. Kisha akampa mjomba ishara, na moto ukaanza.

Bandani hakuna aliyesema amedanganywa. Wapo waliolia. Kijana mmoja utingo akasema taratibu, "Sasa namwelewa, ila simsamehe." Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kwenye simu yangu nikakikosa.

Nje, kwenye moshi wa mihogo, mzee wa Singida alikuwa amekasirika vilevile. Alisema kijana wetu amekosea. Amewalipia deni watu ambao hawatajua hata jina lake. Kila mtu atarudi nyumbani akidhani hadithi ilikuwa nzuri, na walioiharibu watapata sifa. Nilibishana naye kwa heshima. Nilimwambia: "Baba, msimulizi hakubadilisha kitu. Hakumpa Daenerys tendo ambalo hakulitenda wala kumwondolea alilotenda. Yote aliyoyataja yalikuwa yametokea. Ni waandishi walioyarundika, wakayapita." Akanijibu kwamba mzigo uliopotea njiani, karani akiujazia kwenye vitabu ili hesabu zikae sawa, huo ni wizi mara mbili. Aliijua kazi yangu, ndiyo maana alichagua mfano huo, na sikuwa na jibu la haraka. Jibu nililonalo leo ni kwamba msimulizi hakujazia kisichokuwapo. Alirudi njiani kuokota. Lakini nakubali sehemu moja ya hoja ya mzee: pasipo msimulizi, na dunia karibu yote ilitazama pasipo msimulizi, mtazamaji ndiye aliyeachiwa kwenda kuokota, na hakuna aliyemwambia mapema.

Ukarani niliuacha. Sasa nafundisha Kiswahili sekondari mjini Kahama, na kila muhula nasahihisha insha za kubuni. Mwalimu yeyote wa somo hili anaijua insha ya Kitanzania inavyoisha. Mtoto anaandika vizuri ukurasa na nusu: majambazi wamevamia, gari limepinduka, simba amekaribia. Kisha anaona muda umebaki kidogo, anaandika kwamba alishtuka usingizini, kumbe ilikuwa ndoto. Zamani nilikuwa nakata alama tu. Siku hizi namwita mwandishi, tunakaa, namwuliza simba alitoka wapi, nani alimwona kwanza, mbwa walibweka au walinyamaza. Karibu kila mara majibu anayo. Aliyajua yote, akaogopa saa.

Mwaka 2022, House of the Dragon, tawi la Game of Thrones, ilipoanza, baadhi ya madereva waligoma kuitazama. Wengine walirudi kwa sauti ya msimulizi. Darasani kwangu palikuwa na msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa fundi tairi wa Isaka, aliyekuwa ameisikia Game of Thrones yote kwa masimulizi bila kuiona kwa Kiingereza. Nilitoa swali huru: andika upya mwisho wa hadithi yoyote unayoijua. Nilitegemea atamwokoa Daenerys, kwa kuwa karibu kila anayeandika upya humwokoa. Hakumwokoa. Mji uliungua, Jon akachoma kisu, joka likaruka na maiti. Alichofanya ni kuanza mbali, siku malkia anaondoka Meereen, akamwandikia safari ya baharini: wagonjwa ndani ya meli, askari wanaouliza watarudi lini, usiku anaotoka sitahani na kukuta hakuna anayeimba jina lake kwa lugha anayoielewa. Kurasa saba kabla hata nchi kavu haijaonekana. Nilimpa alama zote za maudhui, nikamkata mbili za tahajia, akaja mezani kuzidai.